Lori Moja la Kuni ni Kiasi Gani?

Maneno waliyoambiwa wakata kuni na wapakizi wa Migori na Homa Bay



Leo hatutasema habari ya michango wala ya uchaguzi. Twataka kusema habari ya kuni, maana wengi wetu hapa twala kwa kuni. Wako wanaokata na kupasua mashambani Uriri na Rongo, wako wanaopakia malori, na wako akina mama wa Homa Bay na Mbita wanaonunua ili wakaange samaki. Shule nazo hununua lori zima, na wakulima wa tumbaku wa Migori hutaka kuni nyingi za kukaushia majani. Wote hupatana bei kwa neno moja tu, "lori". Lakini lori si kipimo. Lori ni gari.

Tuchukue lori ambalo bodi yake ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, na kuni zimepangwa hadi kimo cha mita 1.5. Zidisha, utapata mita 12 za ujazo. Sasa mwenye lori agongomee mbao ubavuni, kimo kiwe mita 2. Mzigo umekuwa mita 16, na ujira wa kupakia ni ule ule, kwa sababu mlipatana "lori". Hesabuni wenyewe: safari tatu za mita 16 ni mita 48, na safari nne za mita 12 ni 48 vile vile. Basi kila mkipakia safari tatu, mmepakia na ya nne bure. Hatusemi kila mwenye lori ni mwizi. Wengine huongeza mbao ili kuni zisianguke njiani. Hata hivyo migongo inayoinama ni yetu.

Tena, mita 12 hizo si mti mtupu. Katikati ya vipande mna hewa. Kuni za mkaratusi zilizonyoka, zikipangwa vizuri, mti wenyewe ni kama sehemu 6 au 7 katika 10. Matawi ya mgunga yaliyopinda, yakitupwa ovyo garini, huenda yasifike 5. Hapo anayepunjwa ni mnunuzi, na akina mama wa samaki ni wenzetu. Kwa hiyo kuni zipangwe kwanza, ndipo zipimwe.

Wanaouza kwa kilo wana jambo jingine, nalo ni maji. Mti uliokatwa leo waweza kuwa nusu yake maji: katika tani moja, kilo 500 tu ndizo mti. Kuni zilizokauka vizuri, maji yakabaki sehemu 2 katika 10, tani yake ina kilo 800 za mti. Mnunuzi wa kuni mbichi hulipia maji, kisha huunguza kuni nyingine ili kuyafukuza maji hayo. Tazameni nyufa kwenye ncha za gogo. Gonganisheni vipande viwili: vikavu hulia kwa ukali, vibichi hutoa mlio mzito. Asiyeamini na apime kipande kimoja kwa mizani ya samaki, akiweke mahali pakavu majuma machache, akipime tena.

Kenya inayo Sheria ya Mizani na Vipimo, sura ya 513. Hatuombi jambo geni tukisema ujira wa kupakia uandikwe kwa mita ya ujazo.

Wako wenzetu wanaosema kwamba tukidai mita, mwenye lori atawachukua vijana wa stendi wasiouliza neno. Ni kweli, anaweza. Hao vijana hawana kadi zetu kwa sababu hakuna aliyewaendea. Waendeeni juma hili, na muwaonyeshe ile hesabu ya safari nne.

Utepe wa kupimia uko kwa mweka hazina wa tawi. Kila kundi litakalopakia Jumatatu limtume mtu mmoja kuuchukua kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na vipimo viandikwe mbele ya dereva, kuni zingali juu ya gari.