Okidi ya Chui Haitaki Udongo

Leo tunaizungumzia okidi ya chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, na mmea wenyewe huota juu ya matawi ya miti mikubwa, pwani na bara. Hainyonyi mti ule hata kidogo, imeukalia tu. Ukiitazama kwa karibu utaona mizizi myembamba iliyosimama wima kama sindano. Hiyo hunasa majani makavu, yakioza yanakuwa chakula chake.

Ndiyo maana ukiifukia kwenye udongo itaoza. Ifunge kwenye gogo lenye gome gumu, au tumia chungu chenye matundu, ujaze vipande vya magome na mkaa.

Kuizidisha, ngoja machipukizi mapya yaanze kuchomoza. Pitisha kisu motoni, kikipoa ugawe mmea, kila fungu libaki na mashina 3 au 4, yale manene kama muwa. Paka unga wa mkaa palipokatwa. Maji kidogo tu, hadi mizizi mipya itokeze. Mbegu ni kazi ya maabara: ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini huhitaji kuvu ili ziote.

Porini okidi hii inapungua, kwa kung'olewa na kwa miti kukatwa. Ukiiona inauzwa barabarani ikiwa bado na gome la mti wa msituni, tafadhali usinunue. Mwombe jirani aliyeipanda akugawie fungu.