Makazi ya Kustaafia: Morogoro Mjini au Milimani Uluguru?

Mazungumzo kwa watumishi wanaokaribia kustaafu na kwa wastaafu, Morogoro



Wengi tuliotumwa kuzungumza nanyi leo hatujafika hata nusu ya umri wa kustaafu kwa lazima, na miongoni mwenu wamo waliokuwa wakipokea mshahara kabla sisi hatujazaliwa. Kwa hiyo hatukuja kuwafundisha namna ya kuzeeka. Tumekuja na yale ambayo watu wa rika lenu wametuletea ofisini baada ya kununua kiwanja au nyumba ya kustaafia, na aghalabu baada ya fedha kwisha.

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka. Mtu anayestaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, au kwa lazima akiwa na 60, huwa bado ana nguvu. Analima, anatembea, anaimba kwaya, anafuga. Atakaa wapi? Morogoro inampa majibu mengi mazuri kuliko mikoa mingi. Kuna joto la bondeni kwa asiyependa baridi, kuna upepo wa mlimani kwa aliyechoshwa na Dar es Salaam, kuna masoko yenye mboga mwaka mzima. Wingi huo wa majibu ndio unaowachanganya watu.

Katika nchi nyingine swali hili limegeuzwa biashara kamili. Huko Marekani, mji wa Sun City katika jimbo la Arizona ulifunguliwa Januari 1960 kwenye eneo la jangwa, ukajengwa makusudi kwa ajili ya wastaafu wenye afya. Nyumba zilikuja pamoja na viwanja vya gofu, mabwawa ya kuogelea na kumbi za starehe, na mnunuzi alijua tangu siku ya kwanza kuwa kuna kanuni za kufuata na ada za kulipa ili huduma hizo ziendelee. Sisi hatuna desturi hiyo. Tulicho nacho upande mmoja ni makao ya wazee ya Serikali, kama yale ya Fungafunga hapa mjini, ambayo ni kwa wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, si kwa mtu anayetafuta mahali pa kupumzikia na kulima bustani. Upande wa pili ni kiwanja chako, jirani zako, msikiti au kanisa lako, na watoto wako walioko mbali. Kwa hiyo tangazo likiwaambia kwamba viwanja fulani ni "mji wa kisasa wa wastaafu", ulizeni nani atauendesha mji huo, kwa fedha ya nani, na jambo hilo limeandikwa wapi. Zahanati iliyochorwa kwenye kipeperushi haimtibu mtu. Kama muuzaji anaahidi barabara, maji na zahanati, ahadi hiyo iingie katika mkataba ikiwa na tarehe, na iandikwe atakachowajibika nacho asipotimiza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya upotoshaji katika biashara, lakini ni rahisi zaidi kuitumia sheria hiyo mkiwa na karatasi kuliko mkiwa na kumbukumbu ya maneno ya dalali.

Sasa tulinganishe.

Bondeni, yaani Kihonda, Mkundi na maeneo ya jirani, ardhi ni tambarare na viwanja vilivyopimwa ni vingi. Tangu treni ya SGR ianze safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, mtoto aliyeko Dar anaweza kufika kumwona mzazi wake kwa chini ya saa mbili na kurudi siku hiyohiyo. Hilo si dogo. Kasoro za bondeni ni joto, hasa kuanzia Novemba hadi Februari, na maji. Mji huu hutegemea kwa kiasi kikubwa Bwawa la Mindu, na maeneo hayapati maji sawasawa. Msiulize kama bomba limefika, kwa kuwa bomba huweza kufika bila maji. Mwulizeni mama wa nyumba ya jirani maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na yanapokatika yeye huchota wapi. Jibu lake lina thamani kuliko kipeperushi chochote.

Chini ya mlima, kwa maana ya Bigwa, Kilakala, Boma na kando ya vijito vinavyoshuka kutoka Uluguru, usiku kuna ubaridi mtamu, miti mikubwa, na sauti ya maji. Tunakiri kwamba wengi wetu ofisini tungechagua huku. Lakini hapa ndipo mnunuzi hulipa fedha nyingi zaidi kwa kitu ambacho pengine hataruhusiwa kukitumia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mto au kijito. Kiwanja "chenye mto nyuma yake" kinaweza kuwa kiwanja ambacho nusu yake haijengeki. Pimeni kwa hatua kabla hamjapatana bei. Na kadiri mnavyopanda ndivyo mnavyoukaribia mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mpaka huo hauhamishwi na muhuri wa kiongozi wa mtaa.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo watu hulicheka. Njia ya kupanda hadi nyumbani ambayo leo ni mazoezi ya mwili, ukifika miaka 75 itakuwa sababu ya kutokwenda ibadani.

Milimani kwenyewe ni habari nyingine. Upande wa Mgeta kuna baridi, njegere, kabichi na matunda yasiyoota bondeni. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, mvua ni nyingi, ndizi na viungo hustawi, mdalasini na pilipili manga. Mstaafu anayependa shamba akipelekwa huko siku ya kiangazi, mawingu yamekaa juu ya mgomba na mwenyeji amemkaribisha madafu, huwa amekwisha kununua moyoni kabla hajauliza bei.

Mwaka mmoja walitujia mume na mke waliostaafu. Walikuwa wamenunua ekari moja na nusu milimani kwa kijana mwenye adabu, aliyelilima eneo lile tangu utoto pamoja na baba yake. Walikuwa na karatasi ya mauziano yenye mihuri mitatu. Walichimba msingi. Siku ya kumwaga zege wakaja wanawake wanne, shangazi za yule kijana, pamoja na mjomba wao, wakasema kwa upole kabisa kwamba ardhi ile si ya mpwa wao kuuza. Walikuwa wanasema kweli. Miongoni mwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo, yaani lukolo, kwa kawaida hushikwa na kurithiwa katika mstari huo. Mwanamume anaweza kulima maisha yake yote kwa idhini ya ukoo wake, na mwanawe akalima pamoja naye, bila mwana huyo kupata haki ya kuiuza, kwa kuwa yeye ni wa ukoo wa mama yake. Kijana hakuwa tapeli. Aliuza alichoamini ni chake: jasho lake na migomba yake. Fedha alikuwa amenunulia pikipiki na kuezeka nyumba.

Ofisi yetu haikuweza kuwasaidia sana, na tunalisema hili wazi ili msitutegemee kwa yasiyo mamlaka yetu. Mgogoro wa ardhi huanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Tuliwaelekeza huko. Ukoo uliwaruhusu kuvuna mazao ya msimu mmoja. Mafao ya kufanya kazi miaka thelathini na zaidi hayakurudi.

Kwa anayetaka kukaa milimani, kwa hiyo, swali la kwanza mbele ya shamba lolote ni hili: kwa upande wa mama, ardhi hii ni ya nani? Kaeni na wanawake wa ukoo, si na muuzaji peke yake. Kisha jueni kwamba ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hainunuliwi kama kiwanja cha Kihonda. Mgeni huomba kwa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una nafasi yake katika uamuzi huo. Ombeni kuonyeshwa muhtasari wa vikao hivyo. Haki mtakayopewa huitwa hakimiliki ya kimila, nayo ina cheti chake. Muhuri kwenye karatasi ya mauziano huonyesha kwamba kiongozi alishuhudia watu wawili wakipatana. Haumfanyi muuzaji kuwa mwenye mali.

Mjini, ulinzi wenu ni upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi ya mkoa. Nendeni wenyewe mkiwa na namba ya kiwanja na kitalu. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, muda uliobaki kwenye hati, na kama kiwanja kimewekwa rehani benki. Muuzaji akiwaambia hati "iko kwenye mchakato", bei nayo ibaki kwenye mchakato.

Tuseme pia kuhusu fedha. Mafao ya mkupuo hulipwa mara moja. Kwa kanuni zilizoanza Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33 ya mafao. Tangu mwaka wa fedha 2024/25 umekuwa asilimia 35, na asilimia 40 kwa wale ambao awali, kabla ya mifuko kuunganishwa, mkupuo wao ulikuwa asilimia 50. Fedha inayobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Tumeona watu wakitia mkupuo wote katika kiwanja na msingi wa nyumba, kisha wakajenga kwa pensheni, tofali kwa tofali, huku wakiendelea kulipa kodi ya pango mahali pengine. Kama hesabu ya nyumba haifiki kwenye bati, bora nyumba ndogo iliyokamilika. Wanaofikiria nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa au za Watumishi Housing walinganishe bei kwa kuhesabu gharama zote za kujenga wenyewe, pamoja na fundi atakayebomoa alichojenga fundi wa kwanza. Wanaonunua kiwanja kwa kulipa kidogo kidogo wasome kifungu kinachoeleza litakalotokea wakikosa malipo ya miezi miwili. Baadhi ya mikataba tuliyoisoma humruhusu muuzaji kukichukua kiwanja na kubaki na fedha yote.

Jambo dogo lenye faida: mzee wa miaka 60 na zaidi anayeishi katika nyumba yake mwenyewe anaweza kuomba msamaha wa kodi ya majengo kwa nyumba hiyo. Wapo wanaokatwa kupitia LUKU kila mwezi kwa sababu hawakuomba.

Kuhusu afya, pimeni umbali kwa saa, tena saa za usiku wa mvua. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mjini. Kutoka Kihonda ni safari ya bodaboda. Kutoka vijiji vya juu, mwezi wa Aprili, ni safari ya kuombewa. Aliye na kisukari au shinikizo la damu aulize kituo cha afya cha karibu kina dawa zake, na kama kinapokea kadi yake ya bima. Mnaodumu katika NHIF baada ya kustaafu, hakikisheni kabla ya kuhama kwamba jina la mwenza wenu limo.

Tumelifikia jambo ambalo wanaume wengi ukumbini wangependa tulipite haraka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mume kumwuliza mkewe kabla ya kununua, na hapo ndipo tunapokutana na wake walioletwa mlimani kama mizigo mingine ya gari. Baba anapenda shamba, mama ana kikundi chake cha kuweka na kukopa, ana kwaya, ana wajukuu. Akitangulia baba, kama ilivyo kawaida, mama ndiye atakayebaki na mteremko ule, kisima kile, na ndugu za mume watakaouliza hati ina jina la nani. Andikisheni hati kwa majina ya wote wawili. Ni mstari mmoja katika fomu.

Na kabla ya kununua popote pale, pangeni chumba mahali hapo kuanzia Machi hadi Mei, masika yote, nyote wawili. Kodi ya miezi mitatu ni ndogo mbele ya bei ya kiwanja. Tunawafahamu wazee waliofanya hivyo Mgeta. Mama ndiye aliyependa, baba magoti yalimuuma kwa baridi. Sasa wanaishi Bigwa, na kila kiangazi mama hupanda juu wiki mbili kununua mbegu na kuwasalimu marafiki aliowapata.

Mkiwa na mkataba, tangazo au stakabadhi mnayotaka tuisome pamoja, leteni nakala kwenye meza iliyo karibu na mlango wakati wa chai. Ya asili bakini nayo.