Risasi Kuukuu Si Chuma Chakavu



Hapa Iguhu na kote Ikolomani, dhahabu imetafutwa tangu miaka ya 1930. Siku hizi vijana wana detekta. Lakini detekta hailii kwa dhahabu pekee. Hulia kwa msumari, kwa kizibo cha soda, na pia kwa risasi kuukuu. Hiyo risasi ndiyo iliyonileta.

Kwanza, angalia kama ni nzima. Risasi nzima ina ganda la shaba, baruti ndani na kichwa mbele. Kichwa kikiwa bado kimeshikwa na ganda, ihesabu kuwa hai, hata ikiwa imeota kutu, hata kitako kikiwa na alama ya kupigwa. Huenda ilikataa kulia tu. Usiigonge, usiichome, usiikate upate shaba ya kuuza. Iache pale pale, weka alama, zuia watoto, kisha mwite Chifu au polisi waje. Usiibebe kwenda kituoni. Kumbuka pia kwamba kukaa na risasi bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha.

Ukiokota kichwa kitupu, umbo litakuambia umri. Kinene cha madini ya risasi, kama milimita 11, huenda ni cha Martini-Henry, bunduki iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871. Chembamba, kama milimita 8, kilichovikwa metali ngumu, ni cha bunduki zilizokuja kuanzia miaka ya 1880. Ganda tupu nalo mara nyingi lina herufi za kiwanda kwenye kitako, na pengine mwaka.

Kwa nini tujali? Kule Chetambe, karibu na Webuye, Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Kichwa kimoja, kikijulikana kilitoka shamba gani na kina gani, ni ushahidi wa mambo kama hayo. Kwenye mzani wa vyuma chakavu ni gramu chache tu.

Kwa hiyo piga picha, andika mahali, na uarifu Makumbusho ya Kitaifa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inataka vitu vya kale viripotiwe. Na nawa mikono kabla ya kushika ugali, maana madini ya risasi ni sumu.