Wenye Kaburi ni Nani? Kumbukumbu za Mazishi Wilayani Bagamoyo na Mahali pa Kuzitafuta



Nimeombwa kuzungumzia kumbukumbu za kale za mazishi katika makaburi ya wilaya yetu. Nitaanza na sheria. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ambayo leo ni Sura ya 72, inairuhusu Serikali kuhamisha kaburi pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Inataka wahusika wapewe taarifa, na inatambua gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na za matambiko au ibada inayoendana na kazi hiyo. Inasomeka vizuri. Tabu ni kwamba yote hayo yanasimama juu ya swali moja: wenye kaburi ni nani, na watathibitisha vipi? Kuanzia Mbegani hadi Saadani ardhi inapimwa kila kukicha, leo kwa barabara, kesho kwa hoteli, keshokutwa kwa viwanja. Mthamini akifika na fomu zake, kaburi la saruji lenye jina linaandikwa bila maneno mengi. Tuta la udongo lenye mawe mawili, la kichwani na la miguuni, ndilo linaloanza kubishaniwa.

Maoni yangu ni kuwa kumbukumbu za mazishi tunazozitunza na kuzionesha ni za watu wachache, na wengi wao ni wageni. Za walio wengi zipo, ila zimo katika vitu ambavyo ofisi zetu hazijawahi kuvihesabu kuwa nyaraka. Kazi ya wilaya ianze na hivyo.

Waliokwisha kuandikwa

Mgeni akifika Bagamoyo hupelekwa Kaole, makaburi ya Wajerumani na makaburi ya misheni. Kaole, kusini kidogo ya mji, kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, mengine yenye nguzo ndefu zilizopachikwa vyombo vya kaure kutoka China. Msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Nguzo zile zinatuambia kuwa aliyelala pale alikuwa mtu mwenye hadhi na mali, lakini majina mengi tunayoyasikia leo tunayapata kwa simulizi za watunzaji na waongoza wageni. Ni kumbukumbu ya cheo zaidi kuliko ya mtu.

Makaburi ya Wajerumani, yapatayo 20, yana majina na tarehe. Wengi wa waliozikwa pale walikufa wakati wa vita vya Abushiri, vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, vya 1888 na 1889, na miaka michache iliyofuata. Upande wa pili wa vita hivyo kuna mnara ufukweni, mahali walipokuwa wakinyongewa watu waliopinga utawala wa Wajerumani. Mnara unataja mahali na unataja uovu. Majina ya walionyongwa hautaji. Abushiri mwenyewe, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, tunajua siku yake kwa sababu waliomnyonga walikuwa na makarani.

Misheni ni habari nyingine, na hapa napenda tukae kidogo. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliingia Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kanisa Katoliki lilikuwa limekwisha kuagiza tangu kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kwamba kila parokia iwe na kitabu cha wafu. Sheria ya Kanisa ya 1917 ikarudia agizo hilo, na ya 1983 bado inalishika: baada ya maziko, jina liandikwe. Kwa hiyo popote palipofunguliwa misheni, Mandera ikiwemo, kulipaswa kuwa na kitabu cha Kilatini chenye tarehe, jina, wazazi, umri wa kukisia, sakramenti alizopokea marehemu na sahihi ya padre aliyezika.

Vitabu vya aina hiyo ni hazina, lakini msomaji awe macho. Wengi walibatizwa kufani, saa au siku chache kabla ya kukata roho, mara nyingi na katekista. Jina lililoingia kitabuni ni lile la dakika ya mwisho: Maria, Yosefu, Petro. Jina alilotahiriwa nalo, alilooa nalo, alilokopea dukani, halimo. Familia inayomtafuta babu yake kwa jina la nyumbani inaweza kupita juu ya mstari wake mara kumi bila kumtambua. Ndiyo maana nasema kitabu cha wafu kisisomwe peke yake. Kisomwe pamoja na cha ubatizo na cha ndoa, na pembeni awepo mzee anayejua ukoo.

Hapo hapo misheni ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, umebebwa kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Hadithi hii imechoshwa na watalii, lakini kwa mtunza kumbukumbu ina somo lake. Aliyeandika kumbukumbu ya kwanza ya mazishi yale alikuwa Mwafrika wa msafara wake, Jacob Wainwright. Alisoma ibada moyo wa marehemu ulipozikwa chini ya mpundu, kisha akachonga maandishi kwenye shina la mti. Tarehe aliyochonga ni 4 Mei 1873, ilhali vitabu vingi vinasema Livingstone alifariki tarehe 1. Kipande cha shina hilo kilikatwa baadaye na kupelekwa London, na mwili ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Hata mfu aliyeandikwa kuliko wote katika historia ya njia ya misafara iliyoishia Bagamoyo ana tarehe mbili.

Ya Vita Kuu ya Kwanza nitayapitia haraka kwa kuwa yamekwisha kuandikwa na wengine. Waingereza waliuteka mji huu Agosti 1916. Katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa bahati mbaya ya karatasi kupotea. Iliamuliwa kuwa Mwafrika anatosha na sanamu ya pamoja.

Karatasi za Serikali

Uandikishaji wa vifo Tanganyika ulipewa sheria mwaka 1920, na mrithi wake ni Sura ya 108, inayotaka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Wenzetu wa RITA, wakala wa Serikali unaosajili vifo, watalieleza hili vizuri kuliko mimi. Ninachotaka kukisema ni kimoja. Kijijini mtu anakufa asubuhi na kuzikwa alasiri. Cheti kinatafutwa pale tu panapokuwa na mirathi, mafao au akaunti ya benki. Matokeo yake, rejista za Serikali zimejaa watumishi, wenye nyumba na wenye mashamba ya kugombewa. Bibi aliyelima muhogo wake Kiwangwa hadi akafa, akaacha khanga na jembe, hamtamkuta humo.

Madaftari ya ubani

Sasa nafika ninapopataka. Karibu kila msiba wa pwani una daftari. Anakaa kijana mwenye mwandiko mzuri karibu na mlango, au chini ya mwembe walipoketi wanaume, anaandika kila anayetoa ubani. Juu ya ukurasa kuna jina la marehemu na siku ya maziko. Chini yake yanafuata majina ya watoaji, mara nyingi na kijiji cha kila mmoja, na alichotoa: shilingi, debe la mchele, nazi, sukari. Ukurasa wa pili ni matumizi: sanda, ubao, chai ya wachimba kaburi, kitoweo cha hitima. Mwanamke mwenye kumbukumbu nzuri huko uani ana daftari lake la upande wa wanawake, na mara nyingi limepangika kuliko la wanaume.

Familia hulihifadhi kwa sababu ni daftari la madeni. Fulani alikuja kwangu na debe la mchele; msiba ukimfika, siwezi kwenda mikono mitupu. Kwa hiyo linakaa sandukuni pamoja na hati ya shamba na kadi za kliniki. Hakuna aliyeagiza litunzwe, na limetunzwa kuliko majalada mengi ya ofisi zetu. Vyama vya kuzikana vina madaftari yao pia, yenye orodha ya wanachama na tarehe za kila msiba waliogharimia.

Fikirini mtafiti anapata nini humo. Anapata jina la marehemu kama lilivyoitwa mtaani. Anapata ramani ya ukoo na ujirani, kwa kuwa waliokuja kuzika ndio waliokuwa ndugu na majirani wa kweli. Anapata majina ya vitongoji ambavyo havimo tena kwenye ramani yoyote. Anapata bei ya sanda mwaka hadi mwaka, jambo ambalo mwanauchumi angelilipia. Na mbele ya mthamini, daftari la mwaka 1968 linaloonesha kuwa ukoo fulani ulizika mahali fulani lina uzito kuliko maneno ya mashahidi wawili walioletwa na bodaboda.

Lina upungufu wake. Mtoto mchanga huzikwa bila daftari. Maskini asiye na ndugu naye vivyo hivyo. Wanawake wanaandikwa Mama Asha au Bibi Mwanaidi, bila jina la baba. Na tangu michango ihamie kwenye simu, orodha inakaa kwenye kundi la ujumbe mpaka simu ianguke majini.

Tarehe zake nazo zinahitaji mtu wa hapa. Wazee wanahesabu siku kuanzia magharibi. Aliyekufa usiku wa Ijumaa amekufa Alhamisi baada ya jua kuzama, na karani akiandika Ijumaa usiku amemwongezea marehemu siku nzima ya kuishi. Mfungo tano ni Safari, mfungo sita ni mwezi wa Maulidi, na mwaka wa Hijria unapungua kama siku 11 kila mwaka, hivyo miaka 33 kwa hesabu hiyo ni kama 32 ya Miladi. Daftari la zamani linaweza kuwa la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wanaozisoma kwa ufasaha wanapungua. Walimu wa madrasa waliopo ukumbini, kazi hii ni yenu kabla haijawa ya chuo kikuu chochote.

Niongeze jambo kwa wale wanaosema Waislamu wa pwani hawakujali kumbukumbu kwa kuwa makaburi yao hayana maandishi. Wafuasi wa Shafii wamefundishwa kuwa kujengea kaburi na kuliandika kunachukiza. Waliacha kuandika juu ya jiwe kwa kutii mafundisho. Jina waliliweka katika dua, likisomwa kila hitima.

Makaburi yaliyoachwa mahameni

Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu, makaburi yakabaki. Tukitafuta makaburi ya kijiji kwa kuzunguka kijiji cha leo, tutayakuta ya miaka hamsini iliyopita tu. Ya kabla ya hapo yamo mahameni, ndani ya vichaka, au katika mashamba yaliyouzwa mara tatu tangu wakati huo. Alama zake ni mbuyu, mwembe uliopandwa na mtu, mstari wa mawe, wakati mwingine sahani iliyovunjika. Wanaoyajua walikuwa watoto siku ya kuhama, na sasa wana miaka sitini na zaidi. Wakitembea na kijana mwenye simu inayopima mahali, kazi ya kitongoji kimoja ni ya siku chache. Wakifa, haifanyiki.

Napendekeza tuanze na kata moja tu. Madaftari yapigwe picha nyumbani kwa wenyewe, yasichukuliwe, maana kilichoingia ofisini hakirudi, na kila mtu humu anajua hivyo. Kila tarehe iandikwe kama ilivyo, kisha pembeni iwekwe iliyogeuzwa. Majina yote ya mtu yaingie: la nyumbani, la kanisani, la mama fulani. Chanzo kitajwe katika kila mstari, ili anayesema kwa simulizi asichanganywe na anayesema kwa kitabu. Nakala zikae kijijini, halmashauri, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo Sheria Na. 3 ya 2002 imeipa jukumu hilo.

Mambo mawili yasinakiliwe kwenye orodha ya kubandikwa ukutani. La kwanza ni sababu ya kifo. La pili ni asili ya mtu pale kitabu cha misheni kinapomtaja kuwa alinunuliwa au alikombolewa. Katika wilaya hii bado kuna posa zinazovunjika kwa habari hiyo. Mtafiti aliyepewa kibali asome kitabuni penyewe.

Linalobaki, na ambalo naliacha kwa mjadala wa mchana, ni nani atatoa kibali hicho. Padre anasema kitabu ni cha parokia. Mtendaji anasema ni nyaraka ya umma. Ukoo unasema marehemu ni wao. Kwa madaftari ya ubani jibu ni rahisi, kwa kuwa mwenye sanduku anajulikana; kwa vitabu vya wafu ningependa kusikia kwanza kutoka kwa makatekista.