Jina la Mtoto Si Risiti ya Ada

Kila Januari, shule zinapoandikisha wanafunzi wapya, kuna jambo hufanyika kimyakimya kwenye meza ya mwalimu. Mama amemleta mwanawe kuanza darasa la kwanza. Fomu inataka majina matatu. La kwanza analiandika bila kusita. Akifika la pili, kalamu inasimama. Cheti cha kuzaliwa kilichomo kwenye bahasha kina jina la mwanamume waliyeachana zamani. Nje, juu ya bodaboda, anasubiri mume wake wa sasa, yule aliyenunua sare, madaftari na viatu. Mwishowe kalamu inaandika jina la huyu wa nje.

Hakuna hakimu aliyeulizwa, hakuna hati iliyosajiliwa. Mtoto ameshabadilishwa ubini.

Simlaumu mama huyo kwa haraka. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Baba wa kambo anayekesha na mtoto mwenye homa, anayekwenda kwenye kikao cha wazazi, ana kila sababu ya kuona huyu ni wake. Na nyumba yenye watoto watatu wenye majina mawili ya baba haikosi maneno ya majirani. Mama anataka amani. Lakini amani ya watu wazima isinunuliwe kwa kitu cha mtoto.

Jina ni la mtoto kweli, na si mimi niliyesema. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwa na jina na uraia, na papo hapo haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Kenya nako, Mei 2016, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichozuia mtoto wa nje ya ndoa kuandikiwa jina la baba pasipo idhini ya baba huyo. Hoja ni ileile: watu wazima wasigombane halafu mtoto akalipa.

Na hulipa kweli. Jina lile la kwenye fomu ya shule linaingia kwenye daftari la mahudhurio, linakwenda kwenye usajili wa mtihani, linachapwa kwenye cheti cha kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili, bado kinasema jina lingine. Siku anapoomba kitambulisho cha taifa cha NIDA au mkopo wa elimu ya juu, nyaraka zinakataana. Binti wa miaka kumi na minane anajikuta kwenye benchi la wakili, anaapa kwamba yule wa kwenye cheti hiki na yule wa kwenye cheti kile ni mtu mmoja, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tena jina peke yake halileti haki ambazo watu hudhani linaleta. Kumwandika mtoto kwa ubini wa baba wa kambo hakumfanyi mrithi wake. Baba huyo akifariki bila wosia, ndugu zake watauliza karatasi ya mahakama, si daftari la shule. Vilevile hakumwondolei baba mzazi wajibu wa matunzo. Anayetaka undugu wa kisheria aende mahakamani akamwasili mtoto. Huko baba mzazi ataulizwa. Kama alimtelekeza mtoto, au ametafutwa hakuonekana, mahakama ina uwezo wa kuendelea bila ridhaa yake. Jina jipya litakuja likiwa na mizizi.

Kwa Waislamu, mlango huo wa kuasili una mipaka yake. Zaid bin Haritha, aliyelelewa na Mtume Muhammad, aliitwa Zaid bin Muhammad mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Surat Al-Ahzab, ikaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Akarudi kuwa bin Haritha, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Jambo hili huonekana wazi siku ya ndoa ya binti: walii anayetafutwa ni baba aliyemzaa au ndugu wa upande wake, hata kama mlezi ndiye aliyegharimia kila kitu. Familia iliyoficha jina hujikuta inatafuta ukweli wiki ya harusi, mbele ya shehe na wageni.

Je, nasema jina lisibadilishwe kamwe? La. Kuna baba aliyempiga mtoto, kuna aliyemkana tangu tumboni. Kuna mtoto mwenyewe anayesema kwa kinywa chake kwamba jina lile linamuumiza. Huyo asikilizwe. Kifungu cha 11 cha Sheria ileile ya Mtoto ya Tanzania kinampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Ajabu ni kwamba tunamuuliza mtoto anataka begi la rangi gani, lakini jina lake tunaliamua yeye akiwa nje anacheza.

Kwa hiyo, baba wa kambo, ukiitwa baba nyumbani, umeshapewa cheo kikubwa. Usidai na cheti kama risiti ya ada uliyolipa. Mama, usimfute mtu kwa hasira ya ndoa iliyovunjika, maana unamfutia mtoto shangazi, babu na nyanya ambao hawakukukosea. Walimu wakuu, andikeni jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, na mzazi anayetaka lingine mwelekezeni kwenye ustawi wa jamii na mahakamani. Na kabla ya yote hayo, mkalisheni mtoto chini, mwambieni ukweli, kisha mumuulize anataka aitwe nani.