Yosefu aliuzwa: neno la kikundi chetu cha michezo



Kati ya Kasongo na Kabambare tunatembea na kinga, vikwembe vya mchezo wa Yosefu vimefungwa nyuma. Mwanzo tuliruka kipande cha ndugu kumuuza. Tuliogopa: wenye kurudi toka ukimbizini wanakaa pamoja na wenye kulima mashamba yao. Tena Kasongo, kwenye Tippu Tip alikuwa na makao, kuuza watu si hadithi ya mbali.

Mama mmoja akauliza: «Munasamehe nini, kama kosa hatukuliona?»

Ni kweli. Yosefu alitaja kwanza kuuzwa kwake, kisha akawakumbatia ndugu zake. Sasa tunacheza yote; mchezo ukiisha, wazee wanasikiliza maneno ya mashamba.

Kiingilio hakuna. Tunaomba mipira ya kinga na ngoma moja.