Vidole Vyenye Ganzi: Mama, Tunza Mikono Yako

Leo tunazungumzia mikono yako wewe unayepiga chapa kwenye laptopu mchana, kisha jioni unafua, unasonga ugali na kumbeba mtoto.

Je, wewe huamka usiku vidole vikiwa na ganzi, ukatikisa mkono ukidhani ni damu imesimama? Mara nyingi si damu. Kwenye kifundo cha mkono mna njia nyembamba inayopitisha mshipa wa fahamu pamoja na kano zinazokunja vidole. Mshipa huo ukibanwa, ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho husalimika. Wajawazito hupatwa zaidi, kwa kuwa mwili huvimba kwa maji.

Laptopu nayo ina taabu yake, maana skrini na kibodi zimeshikana. Ukiiweka chini, shingo inainama. Ukiiinua, mabega yanapanda na vifundo vinakunjika. Basi vitenganishe viwili hivyo. Weka laptopu juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kisha chapa kwa kibodi ya kando.

Kibodi ndogo isiyo na safu za namba upande wa kulia huingia mkobani, na kipanya hukaa karibu na mkono. Zipo zilizogawanywa vipande viwili, kila kipande kikakaa mbele ya bega lake ili vifundo visipinde. Zipo pia za mekanika, ambazo kila kitufe kina springi yake. Nyingi huandika herufi kabla kitufe hakijafika chini kabisa, kwa hiyo huna haja ya kugonga kwa nguvu.

Lakini mama, usibabaishwe na bei. Hata kibodi ya kawaida itakufaa ukikaa vizuri: viwiko karibu na mbavu, vifundo vimenyooka, miguu ya nyuma ya kibodi imekunjwa, na viganja visiegemee ukingo wa meza. Pumzisha mikono mara kwa mara.

Kumbuka pia kwamba kibodi haitibu mshipa ulioumia. Ganzi ikiendelea kwa wiki kadhaa, vikombe vikikuponyoka, au nyama iliyo chini ya kidole gumba ikipungua, nenda kituo cha afya. Ukienda mapema, huenda ukapewa gango la kunyoosha kifundo ulivae usiku tu. Ukichelewa, udhaifu unaweza kubaki.

Mkono huo ndio unaomshika mtoto kwenye beseni la maji. Usingoje mpaka akuteleze.